Kawaida ya Tarehe Tano Januari

1

Haikaeli Ringo alipitiwa na usingizi kwenye benchi la zahanati yangu saa nne na dakika kumi asubuhi, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeharibu watoto wa watu.

Hakuwa amekuja kulala. Alikuja kulalamika, kama walivyokuwa wakija wenzake wengi tangu mwezi wa tatu: usingizi haupo, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Na kwa Haikaeli mikono ndiyo kazi. Alikuwa anasomea kukereza vyuma, anatengeneza vipuri vya mitambo ya umeme wa maji iliyoko kule juu mtoni, na mwalimu wake aliwahi kuniambia kwamba binti yule anaweza kupunguza chuma kwa unene wa unywele asikosee. Wiki hiyo alikuwa ameharibu vipuri vitatu mfululizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekunywa?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwapokea. Miaka kumi na tisa ya unesi, kumi na mmoja kati yake hapa Chuo cha Ufundi Kyaroni, ilikuwa imenipa ulimi wa namna hiyo, na nilijisifia. Nilisema mimi, Siaeli Moshiro, sidanganywi na mlevi.

"Sijanywa, mama. Tangu Pasaka sijagusa kitu. Hata mbege."

"Wote mnasema hivyo."

"Basi nipime."

Nikampima. Pumzi ilisoma sifuri. Nikatoboa kidole nikapima damu, kile kipimo kinachokumbuka wiki tatu nyuma, nacho kikasoma sifuri. Sasa nikaanza kuona haya kidogo, lakini haya ya nesi mzee haionekani usoni. Nikachukua kisomeo nikakiweka nyuma ya sikio lake la kushoto, pale penye punje.

Serikali inakiita Kidhibiti Hisia. Wanafunzi wanakiita punje kwa sababu hakizidi punje ya mahindi, na kinakaa chini ya ngozi. Kinausikiliza ubongo mchana na usiku. Ukienda mbali na kawaida yako, juu au chini, kinagusa mshipa fulani taratibu na kukuvuta urudi. Mtu akinywa, akili yake inapanda, punje inaishusha, na pombe hainogi. Akivuta bangi, hizi za siku hizi zinazolimwa vyumbani chini ya taa na ambazo ni kali kuliko zozote walizovuta baba zetu, ni vivyo hivyo. Kabla ya punje nilikuwa nasindikiza wanafunzi sita au saba kila mwaka kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Wengine walikwenda wakiongea na ukuta. Tangu punje zije, mwaka wa tatu huu, nilikuwa nimesindikiza mmoja tu. Kwa hiyo nilikipenda kile kidude, na nilikuwa mkali kwa yeyote aliyekisema vibaya.

Kisomeo kikawaka kijani.

"Uko sawa kabisa," nikamwambia. "Umo ndani ya kawaida yako."

"Mama, hii siyo kawaida yangu."

Alisema kwa sauti ya chini, macho sakafuni, na vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya magoti kama vya mtu anayepiga kinanda. Niliona tu kwamba punje yake ilikuwa imepitisha muda wa kusafishwa. Kila baada ya miezi sita lazima izimwe kwa nusu saa ili kumbukumbu zake zipakuliwe. Nikamwekea sumaku ya kuizima nyuma ya sikio, nikamwambia atulie, nikageuka kujaza daftari.

Nilipogeuka tena alikuwa amelala. Mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, kichwa kimeegemea kabati la bandeji. Dakika tano hazikuwa zimetimia. Nikasimama pale nikimwangalia anavyopumua, na nikawa sitaki hata kuvuta kiti kisipige kelele.

Nusu saa ilipoisha punje ikajiwasha yenyewe. Haikaeli alishtuka, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akautazama mlango.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, mama. Ndiyo tabu yenyewe. Hakuna kitu, na naogopa."

2

Nikampa ruhusa ya siku moja, nikafunga mlango wa zahanati, nikafungua rekodi yake.

Kawaida ya mtu haitoki kwenye kitabu. Inapimwa kwake mwenyewe, mara moja, kwa saa mbili, amekaa kitini na nyaya kichwani. Kile kinachosomwa siku ile ndicho punje itakachokishika miaka yote kama ndiye yeye. Kawaida ya Haikaeli ilipimwa tarehe tano Januari.

Asiye wa mlimani itabidi nimweleze. Ikifika katikati ya Desemba, Mchaga aliyeko popote anarudi nyumbani. Theluji imebaki kwenye picha, migomba inanyeshewa kwa mabomba, lakini Desemba haijabadilika. Kuna ndoa, ubatizo, kipaimara, kikao cha ukoo, kaburi la babu linajengewa, na kila shughuli ina mbege yake, ile pombe yetu ya ndizi. Kijana wa miaka kumi na tisa anapokea kata ya mbege kutoka kwa mjomba saa tatu asubuhi, na hawezi kukataa, maana kukataa kata ya mjomba ni kumtukana. Mbege ikiisha wanahamia kwenye chupa. Hayo yanakwenda wiki mbili mpaka tarehe mbili Januari, halafu watu wanafunga mizigo, na chuo kinafunguliwa Jumatatu ya kwanza.

Mwaka ule agizo jipya la Dodoma lilisema wapya wote wapimwe wiki ya kwanza, la sivyo punje zao zinapelekwa chuo kingine. Agizo hilo hilo lilisema anayepimwa awe amekaa siku kumi na nne bila kilevi. Waliolitunga hawakuwa wa kwetu, wasingejua kwamba kwetu maagizo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Mimi ni wa kwetu. Niliwapokea mia moja themanini na sita, nikamuuliza kila mmoja, "Umekunywa?" Nao wakajibu, "Mbege tu ya nyumbani, mama." Nikatia alama ya vema. Mbege tu. Hata marehemu mama yangu alikuwa akisema hivyo, na alikuwa mzee wa kanisa.

Sasa mwili uliokunywa wiki mbili ukakatishwa ghafla unakuwa na wiki moja mbaya. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe unapiga kelele: hofu bila sababu, moyo mbio, usingizi hauji. Hilo si kichaa, linapita lenyewe. Lakini mashine ilimsoma Haikaeli katikati ya kelele hizo, ikaandika kwamba huyu ndiye Haikaeli. Tangu hapo, kila alipotaka kutulia, punje ilimwona anapotea njia, ikamrudisha. Kila asubuhi ya mwaka ule kwake ilikuwa tarehe tano Januari.

Nikapitia daftari la wagonjwa. Sabini na mmoja wa kundi lile walikuwa wamekuja kwangu na maneno yale yale, na kwa karibu wote nilikuwa nimeandika neno moja: anakunywa. Wengine kweli walikuwa wamerudia kunywa. Ningekuwa mimi ningekunywa pia, ningekunywa hadi punje yenyewe ishindwe. Ndetaulwa Macha aliacha chuo mwezi wa tano. Watu wanasema sasa anashinda kwenye vilabu vya gongo. Kwenye faili lake kuna mwandiko wangu, umenyooka vizuri: "Hataki kubadilika."

Nikaendelea kufungua rekodi moja moja, zote zimechafuka namna moja, mpaka nikafika ya mia moja na kumi na mbili. Hiyo ilikuwa safi, imetulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina lilikuwa Eliamani Moshiro. Ni mwanangu.

Eliamani alianza kuvuta bangi na wenzake mtaani mwaka uliotangulia, alipokuwa anasubiri kujiunga na chuo. Nilijua, nikasema ni utoto. Mwezi wa tisa akaanza kumsikia mwanaume mmoja akiongea naye. Hakumpa jina, alimwita tu "yule bwana". Nikampeleka hospitali, akapewa vidonge, akaviacha. Katikati ya Desemba nikamfungia ndani. Nilikaa getini mwenyewe nikawarudisha wajomba zake, nikawaambia ana homa ya matumbo. Sikumruhusu kugusa hata juisi niliyokuwa sijaikamua mimi. Siku alipokaa kwenye kile kiti alikuwa na siku kumi na tisa safi, nilizihesabu kwa penseli kwenye kalenda ya jikoni. Punje ikamshika vizuri. Yule bwana akanyamaza, na miezi saba ikapita hakuna neno.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea. Ningekuwa sijui maana ya siku kumi na nne, ningesema nilikosea. Nilijua. Nilimtimizia wangu, wa wenzangu nikawapitisha.

3

Makao makuu ya mradi yako Dodoma, na fundi tuliyezoeana naye kwa simu anaitwa Malogo.

"Nesi wa mlimani!" akasema. "Hamjashuka tu kutoka Krismasi?"

Hunisalimu hivyo kila nikipiga, hata Julai, na mimi hucheka. Siku hiyo sikucheka.

"Malogo, nina swali la mfano."

"Mwenye swali la mfano ana lake jambo. Haya, sema."

"Kawaida ikipimwa vibaya inafanywaje?"

"Ya mtu mmoja?"

"Ya kundi."

Nilimsikia akifunga mlango upande wa kwake. "Kundi zima linazimwa, mama. Siku hiyo hiyo, kutoka hapa. Halafu siku tisini bila punje, ubongo utulie, ndipo wapimwe upya."

"Na kama katika kundi yumo mmoja aliyepimwa vizuri?"

"Nani anajua kwamba alipimwa vizuri?"

"Aliyempima."

"Ndiye huyo aliyeharibu wengine?"

"Ndiye."

"Sasa ungekuwa wewe ndiye hakimu, ungemsikiliza? Saini yake iko kwenye fomu zote, na zote ni uongo. Hiyo moja tuiamini kwa lipi?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenisomea maelekezo ya dawa. Nikatafuta pa kupenya nikakosa. Ningeweza kuleta kalenda ya jikoni, ningeweza kuapa mbele ya mchungaji, lakini ushahidi wote wa mwanangu ulikuwa neno langu, na neno langu nilikuwa nimeshalitumia vibaya.

"Mama," akasema Malogo, "huu ni mfano kweli?"

"Nitakupigia tena."

"Usiponipigia, mimi sijasikia kitu."

Alidhani ananisaidia, na kwa kweli alinisaidia, ndiyo maana nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Nani angejua? Watoto wanaokosa usingizi wako kila chuo. Ningeacha kuwakaripia, ningewapa chai ya mchaichai, ningewasemea kwa walimu. Januari nyingine ningepima mwishoni mwa mwezi, nikubali kukaripiwa na Dodoma, na kosa lingekwisha kimya kimya. Wale mia moja themanini na tano wangemaliza miaka yao wakiogopa mlango. Na Eliamani angelala vizuri. Nilipima hivyo viwili kama nyama buchani, na sitadanganya, mzani ulilala upande wa kwangu kwa karibu saa nzima.

4

Nilimkuta Eliamani nyuma ya karakana ya umeme, amekaa kwenye ngazi anakula makande. Aliponiona akasimama.

"Mama, mbona huku? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Sogea nikae."

Nikamweleza yote. Sikuruka kitu, hata lile la wajomba na homa ya matumbo. Alikuwa anakwangua sahani kwa kijiko huku ananisikiliza, na makande yalikuwa yameshaisha.

"Chumbani tuko wanne," akasema mwishowe. "Mimi peke yangu ndiye ninayelala. Wanafikiri nina dawa nawaficha. Siku moja walipekua begi langu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mimi nilijua wao wamelegea tu. Nilijiona mimi ndiye mwanaume."

Akacheka kidogo, bila furaha. Nikaanza yale maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Nimekuja kukuuliza, mwanangu, kwa sababu kichwa ni chako..."

"Usiniulize."

"Eliamani."

"Ukiniuliza nitasema usitume. Nakwambia kabisa, mama, nitasema hivyo. Wewe unajua nilivyokuwa. Unajua nilivyokuwa nakaa chooni na taulo mdomoni ili nisimjibu." Akaiweka sahani chini. "Halafu utanisikiliza, kwa sababu ndicho ulichokuja kutafuta. Halafu kila nikirudi chumbani nitawaona wale watatu. Kwa hiyo usiniulize. Niambie tu."

Nilikuwa nimemfuata ili aubebe mzigo huo pamoja nami, au hata peke yake, na yeye akaurudisha kichwani kwangu ulikostahili kuwa. Nilimwonea fahari na nilijionea aibu kwa wakati mmoja.

"Natuma leo saa nane mchana," nikasema.

"Sawa."

"Na vidonge uanze leo leo."

"Hapana. Vile vinanifanya nisinzie, mate yananitoka kama mtoto. Nitashikaje nyaya zenye umeme? Tungoje. Labda alishakwenda moja kwa moja."

"Na kama hajakwenda?"

"Siku nikimsikia nitakuja. Saa hiyo hiyo."

Nikamsihi. Nikamwambia mambo ya kitabuni: kwamba ubongo wa umri wake bado unajengwa, kwamba bangi kwa wengine hupita na kwa wengine hufungua mlango usiofungika kirahisi, kwamba hakuna ajuaye mapema ni nani kati ya hao. Akasema anayajua, nilishamwambia. Ana miaka kumi na tisa, sheria inaniruhusu kusihi tu. Akachukua sahani yake akaenda kuiosha, na mimi nikarudi zahanati nikilia, na waliopishana nami waliniamkia wakaangalia pembeni.

5

Taarifa yangu ilikuwa fupi. Niliandika kwamba kawaida za kundi la Januari zilipimwa watu wakiwa siku ya tatu au ya nne tangu waache pombe, kwamba mpimaji alijua, na kwamba mpimaji ni mimi. Nikasaini. Malogo alinipigia baada ya dakika chache, safari hii bila mzaha.

"Nimeipata, mama. Una uhakika? Nikibonyeza hapa hairudi."

"Bonyeza."

Punje zilizimwa saa tisa kasoro robo. Anayezimiwa husikia joto dogo nyuma ya sikio, basi. Nilikuwa nimetoka uani kuona nini kitatokea, na kwa dakika kadhaa hakikutokea kitu. Halafu mashine kwenye karakana ya vyuma zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mwalimu Tesha, mkuu wa chuo, akatoka ofisini akipiga kelele kuuliza nani amekata umeme. Umeme haukuwa umekatwa. Wanafunzi walikuwa wanazima mashine wenyewe kwa sababu macho yalikuwa yanafumba. Walilala kwenye madawati, kwenye magunia ya vumbi la mbao, kwenye nyasi kando ya uwanja wa mpira wa wavu, wengine wamevaa miwani ya kazi bado. Mwalimu Tesha alizunguka kati yao akitaka kuwaamsha kwa fimbo yake, kisha akaiweka fimbo kwapani, akaja kusimama karibu nami.

"Mama Moshiro, watoto hawa wamelishwa nini?"

"Wameachiwa tu, mwalimu. Twende ofisini nikueleze."

Alinisikiliza akaniita majina ambayo sitayaandika, na yalikuwa ya haki. Dodoma walileta barua ya kunisimamisha, halafu wakaleta nyingine ya kuniambia niendelee mpaka apatikane wa kunipokea, maana siku tisini bila punje zilihitaji nesi. Nami nilizihitaji. Nilikwenda vilabuni kumtafuta Ndetaulwa. Nilimkuta, nikamwambia kosa lilikuwa langu na si lake. Akaniuliza kama nina sigara. Nilikwenda tena Jumatano, na Jumatano iliyofuata.

Sitasema mambo yalikuwa mazuri. Jumamosi ya kwanza kumi na mmoja walishuka barabarani wakanywa kama waliotoka kifungoni, kwa kuwa sasa pombe ilikuwa inanoga, na mmoja alirudishwa na jino limevunjika. Wazazi walinipigia simu. Mama mmoja aliniuliza kwa nini nimemnyang'anya mwanawe ngao yake, na nilipomweleza akaniuliza kwa nini nilimpa ngao iliyotoboka.

Lakini wengi walilala, na waliolala wakaanza kula, na waliokula wakaanza kufanya fujo za kawaida za vijana. Haikaeli alikuja siku ya sita kuniletea kipuri cha chuma kisichozidi kidole. Alitaka nikipime kwa jicho.

"Mimi sijui vyuma, mwanangu."

"Angalia tu, mama. Kimenyooka?"

"Naona kimenyooka."

"Kimenyooka," akasema, akakirudisha mfukoni. Mikono yake ilikuwa imetulia. Hakunishukuru, na sikutegemea anishukuru.

Eliamani nilimwona kila siku kwa mbali. Alikuwa anakwenda darasani, anarudi, ananipungia mkono. Nilihesabu siku kichwani.

6

Siku ya kumi na moja alikuja saa tatu asubuhi. Kulikuwa na foleni ya watu wanne, naye akakaa mwisho wa foleni. Nilipomwona nilitaka kumwita ndani mara moja, lakini aliniashiria kwa kiganja nisifanye hivyo, kwa hiyo niliwahudumia wale wanne, na sikumbuki hata mmoja wao aliumwa nini.

Alipoingia alifunga mlango. Alikuwa amekonda usoni kwa siku moja.

"Amerudi," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa napiga mswaki."

"Umefanya vizuri kuja. Kaa." Sauti yangu ilikuwa ya kazini, ndiyo iliyonibeba. Nikafungua kabati nikatoa sindano, kwa maana vidonge nilijua ataviacha tena, na sindano moja inakaa mwezi. Nilikuwa nimeshazungumza na daktari wake, nilikuwa nayo tayari tangu wiki iliyopita. "Anasema nini?"

Alikuwa anaangalia mahali fulani juu ya bega langu, kisha akayarudisha macho yake kwangu kwa nguvu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Anasema wewe ndiye uliyemwita."

Katika unesi tunafundishwa usibishane na sauti na usikubaliane nayo. Unasema: najua unaisikia, mimi siisikii, hapa uko salama. Nimewaambia wagonjwa wengi maneno hayo. Yalinijia mdomoni yote, yamepangika. Na nilikuwa na jingine la kusema, la mama, kwamba hapana mwanangu, mimi ningekuitiaje kitu kama hicho.

"Ni kweli," nikasema. "Nilijua anaweza kurudi, na nikatuma ile taarifa. Nilimwita."

Nje mtu aligonga mlango, nikamwambia asubiri.

"Yeye alisema utakataa," akasema Eliamani. "Amekaa ananiambia hivyo njia nzima. Ungekataa, mama, ningemwamini yeye."

Kisha akavua shati, akaninyooshea bega.

"Choma," akasema. "Anaongea bado, lakini choma."

Nikalisafisha bega kwa pamba, nikachoma.